Ikikubali Hapa, Itakubali Kokote

Msafiri aiachaye njia kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza pale Kolandoto, akashika ile ielekeayo Lalago, hupita katika uwanda mpana wa pamba na mtama, ambao miti yake ni michache na upeo wake ni wa mbali, hata afikapo Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu. Huko atakuta ofisi za serikali, maduka ya nguo na pembejeo, mafundi wa baiskeli na pikipiki, mama lishe na masufuria yao, na kati ya hao wote, kama ilivyo katika kila mji wa Usukuma siku hizi, kibanda chenye spika mlangoni na kompyuta ndani, ambacho ubao wake watangaza kwa rangi nyekundu kwamba hapa hurushwa nyimbo, video na muvi zilizotafsiriwa. Kurusha, katika lugha ya biashara hii, si kutupa kitu hewani. Ni kunakili faili kutoka kompyuta ya mwenye kibanda na kulitia katika simu, memori kadi au flashi ya mteja, kwa ujira usiozidi bei ya chai na maandazi.

Nalikuwa nimeketi kwenye benchi la kibanda kimoja cha namna hiyo, nikingoja simu yangu ijae chaji, alipoingia mama wa makamo, akaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na kijana mwenye kibanda akaitikia huku ameinamisha kichwa kidogo, "Mwangaluka, mayu." Mama akafungua pindo la khanga yake, akatoa flashi ndogo nyeusi, akaiweka juu ya meza kwa uangalifu wa mtu atoaye dawa.

"Harusi ya mdogo wao hii," alisema. "Kaka yake kaituma kutoka Geita. Runinga inaigomea."

Kisa chake kilikuwa kifupi. Bintiye wa mwisho aliolewa Geita siku ambazo yeye mama alikuwa taabani kitandani, asiweze kupanda basi. Kaka wa bibi harusi, afanyaye kazi machimboni kwenye dhahabu, akaipiga shughuli nzima kwa simu yake ya thamani kubwa, vipande saba kwa jumla, akavitia katika flashi na kumkabidhi utingo wa basi. Amana ilifika salama. Runinga ya nyumbani iliipokea flashi, ikayaonyesha majina ya vipande vyote saba, na kila kimoja kilipobonyezwa ikatoa mstari wa Kiingereza ambao mjukuu aliusoma kwa sauti bila kuuelewa, na ambao maana yake ni kwamba faili hilo halichezeki.

Nilitazamia kijana aichomeke flashi papo hapo na kuanza kazi. Hakufanya hivyo. Alimtazama mama kwanza, akauliza, "Mayu, nyumbani unaangalia kwa nini? Runinga yenyewe ina tundu la flashi, au unatumia deki?"

Swali hilo ndilo lililoyazaa makala haya. Nimepata kuwasikia watu wenye elimu kubwa ya kompyuta wakishindana mchana kutwa juu ya fomati ipi ya video ni bora kuliko zote, na sikumbuki hata mmoja wao aliyeanza kwa kuuliza ni nani atakayeifungua, na kwa chombo gani. Kijana wa Mhunze aliyaanza maneno mahali yanapopasa kuanzia.

Elimu iliyohama kiwandani

Tanzania Bara ilichelewa kuipata televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara ilingoja mpaka mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo; na hata hapo mawimbi yake hayakuwafikia watu wa ndani kama Mhunze kwa wakati mmoja na watu wa Dar es Salaam. Kwa hiyo, wengi wa watu wa nyanda hizi walizizoea picha zitembeazo si kwa matangazo bali kwa vitu vya kushika mkononi: kaseti ya video kwanza, kisha ile sahani nyembamba ya VCD, ambayo kanuni zake ziliwekwa mwaka 1993, na baadaye DVD, iliyotoka Japani mwaka 1996. Katika mabanda ya video ya mijini na machimboni, sahani hizo ndizo zilizowaletea wachimbaji filamu za Marekani, India na China, zikiwa zimefasiriwa kwa Kiswahili na mafundi wa maneno kama Lufufu na DJ Mark, ambao sauti zao zilijulikana kuliko za waigizaji wenyewe.

Sahani ilikuwa na fadhila moja ambayo hatukuitambua mpaka ilipotutoka. Mnunuzi wa VCD hakuhitaji kujua lolote juu ya yaliyomo ndani yake. Picha zilikuwa zimebanwa kwa kanuni moja tu, ile ya MPEG-1. Deki ilitengenezwa kuisoma kanuni hiyo. Na mtu aliyeitia sahani katika deki akaona giza alijua bila kusumbuka kwamba ama sahani ina mikwaruzo ama deki ina vumbi. Elimu yote ya fomati ilikaa kiwandani, ikafungwa humo pamoja na siri nyingine za kiwanda.

Flashi na memori kadi zimeuvunja mkataba huo. Flashi ni gunia tupu: huchukua chochote kitiwacho ndani yake, wala haimdhamini yeyote kwamba kitafunguka huko kiendako. Elimu iliyobebwa zamani na kiwanda imeshuka ikatua begani mwa mama wa Kishapu, ambaye hakuiomba, na begani mwa kijana wa kibanda, ambaye amejifunza kwa kugomewa mara kwa mara.

Kasha na kilichomo

Jambo la kwanza ambalo yafaa kila mtu alijue ni kwamba faili la video si kitu kimoja bali ni vitu viwili vilivyovaana. Kuna kasha, na kuna vilivyomo ndani ya kasha. Zile herufi tatu za mwisho wa jina, MP4, MOV, AVI, MKV na wenzake, ni jina la kasha tu. Hutueleza jinsi picha, sauti na maandishi yalivyopangwa pamoja, kama vile sanduku la bibi harusi lilivyo na droo ya dhahabu na sehemu ya nguo. Hazituelezi picha zenyewe zimeandikwa kwa lugha gani. Lugha hiyo ndiyo mafundi waiitayo kodeki, na kasha moja laweza kubeba lugha nyingi zisizofanana. Ndiyo maana mafaili mawili yenye jina lile lile la MP4 yaweza kuwekwa katika runinga moja, la kwanza likachezeka na la pili likagoma, na mwenye nayo akadhani amerogwa.

Lugha hizo zahitajika kwa sababu picha zitembeazo, zikiachwa kama zilivyozaliwa, ni nzito kupita kiasi. Picha moja ya ukali uitwao 1080 ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta zaidi ya milioni mbili, na kila nukta huhitaji baiti tatu za kuieleza rangi yake. Jicho huhitaji kiasi cha picha 25 kwa kila sekunde ili lidanganyike kwamba laona mwendo. Mtu akizidisha atapata baiti zaidi ya milioni 155 kwa sekunde moja, na flashi ya gigabaiti 32 itakuwa imejaa kabla ya dakika nne kutimia. Harusi ya mama yetu isingemaliza hata kushuka garini.

Mtu wa Kishapu hana haja ya mwalimu wa mbali kulifahamu jambo hili, maana ameishi nalo. Pamba itokayo shambani hujaza nyumba ingawa uzito wake ni mdogo. Hupelekwa jinerini ikachambuliwa, mbegu zikatengwa na nyuzi, kisha nyuzi zikashindiliwa kwa mashine mpaka zikawa robota gumu liwezalo kupakiwa na kusafirishwa hata ng'ambo. Kodeki ndiyo jineri ya picha. Huiandika picha moja kwa ukamilifu, kisha katika zinazofuata huandika tu yale yaliyobadilika: bibi harusi akigeuza uso, uso huandikwa upya, na ukuta ulio nyuma yake, ambao haukugeuka popote, hauandikwi mara ya pili. Aidha, huyaacha mambo madogo ya rangi na kivuli ambayo jicho la mwanadamu aghalabu haliyatambui. Kwa hila hizo mbili video ya 1080 hupungua ikawa baiti kama milioni moja kwa sekunde, au hata nusu yake, na mtazamaji asilalamike.

Lakini mfano wa pamba una onyo ndani yake. Nyuzi zilizokwisha kutengwa na mbegu haziwezi kurudi kuwa tumba lililochumwa shambani. Vivyo hivyo, kilichoachwa na kodeki kimekwenda, na kila mara faili lifasiriwapo kutoka lugha hii hadi ile, kitu kidogo hupotea tena. Faili lililopita mikononi mwa watu wanne, kila mmoja akilibana kwa namna yake, humfikia wa tano likiwa na nyuso zisizo na macho na khanga zisizo na maua.

Ngoma ya watu wengi

Wasukuma wana vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo mapokeo huvinasibisha na waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno vyama hivyo hushindana, na desturi ya mashindano yao ni ya hekima kubwa: pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, watazamaji wakiwa huru kwenda watakako, na mshindi si yule aliyeonekana na mwamuzi mmoja kuwa mjuzi zaidi, bali ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Nyoka huletwa, fisi huletwa, dawa hufanywa usiku, vyote kwa azma hiyo moja ya kuvuta watu. Sherehe za Bulabo pale Bujora, karibu na Mwanza, zimeihifadhi desturi hiyo hadi leo.

Historia ya fomati za video imekwenda kwa sheria iyo hiyo. Kampuni ya Apple iliingia uwanjani mwaka 1991 na kasha lake la QuickTime. Microsoft ikajibu mwezi wa Novemba 1992 kwa kasha la AVI. Baadaye wakaja WMV, RealVideo na FLV, kila mmoja na kikundi chake na waganga wake. Mwaka 2002 lilitangazwa kasha la Matroska, lifahamikalo kwa herufi za MKV, ambalo jina lake limetokana na wale wanasesere wa Kirusi wakaao mmoja ndani ya mwingine, na ambalo kwa ustadi wa ujenzi halina wa kulitahayarisha. Simu za mwanzo zenye kamera zikatuletea 3GP, yenye picha ndogo kama stempu, ambayo vijana wa wakati ule waliishangilia mno.

Mwaka 2003 zilitangazwa kanuni za lugha iitwayo H.264, iliyotungwa kwa ubia wa mafundi wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano na wale wa Shirika la Kimataifa la Viwango. Ikavikwa katika kasha la MP4, ambalo lenyewe ni mtoto wa QuickTime, na watu wakaanza kuhamia upande huo wa uwanja. Waliohama kwanza ni watengenezaji wa chipu za simu na runinga, ambao waliichonga lugha hiyo ndani ya chipu yenyewe, hata simu ya bei nafuu ikaweza kuisoma bila kupata moto wala kumaliza betri. Wakafuata wauza kamera, wakafuata watengeneza programu za kuvinjari intaneti, na kila aliyehama alimvuta mwingine, kwa kuwa hakuna atakaye kucheza ngoma asiyoitazama mtu. Wengine walibaki na uwanja mtupu. FLV, iliyokuwa bwana wa intaneti kwa miaka kadhaa, ilizikwa pamoja na programu ya Flash, ambayo kampuni ya Adobe iliacha kuitunza tarehe 31 Desemba 2020.

Sisemi kwamba H.264 ndiyo lugha bora kuliko zote. Mwaka 2013 alitokea mdogo wake, H.265, aitwaye pia HEVC, awezaye kuleta picha za ukali ule ule kwa faili linalokaribia nusu ya ukubwa. Mwaka huo huo Google ikatoa VP9. Na mwaka 2018 ushirika wa makampuni makubwa ukaleta AV1, ambayo hutolewa bila ada. Kwa ufundi mtupu hawa wote wamempita kaka yao. Walakini uwanja bado umejaa upande wa kaka, na sababu mojawapo ni fedha: hataza za HEVC zimegawanyika mikononi mwa wengi wanaodai ada, hata kompyuta yenye Windows 10 au 11 yaweza kumwambia mwenyewe alipie kiongezo, kwa bei ya chini kidogo ya dola moja, kabla ya kumwonyesha picha zake mwenyewe.

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wa flashi ya mama. Tangu mwaka 2017 simu za iPhone zenye nguvu ya kutosha hurekodi kwa HEVC bila kumwuliza mwenyewe, zikaitia video katika kasha la MOV. Kijana wa Geita, mwenye simu ya namna hiyo, hakukosea lolote. Simu yake ilichagua kwa niaba yake, ikachagua lugha ambayo runinga ya mama yake, iliyonunuliwa zamani kwa fedha za pamba, haikupata kufundishwa. Laiti angelijua kwamba katika mipangilio ya kamera, mahali pa fomati, pana chaguo la kuirudisha simu kwenye H.264, safari ya kibandani isingekuwapo.

Mitego mingine ya njiani

Wako watakaoniambia kwamba taabu hii ina tiba moja nayo ni VLC, programu iliyoanza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, ikatolewa huru kwa ulimwengu mwaka 2001, na ambayo hubeba wakalimani wake wenyewe wa karibu kila lugha ya video. Ni kweli, na kila mwenye kompyuta na awe nayo, maana haina gharama wala hila. Lakini VLC humtibu mwenye kompyuta. Runinga ya mama haiwekewi programu, na redio ya gari yenye kioo haiwekewi. Na mtu atumaye kitu hana haki ya kumtwika apokeaye kazi ya kukifungua.

Mtego wa pili ni sauti, ambayo nayo ina lugha zake. Filamu nyingi zisafirizo ndani ya MKV hubeba sauti za AC-3 au DTS, zilizokusudiwa majumba ya sinema na vyombo vya gharama, na zipo runinga za kawaida zisizozielewa. Matokeo yake ni picha nzuri iliyo kimya, harusi ya mabubu, na mwenye nyumba akihangaika na waya za sabufa isiyo na hatia. Sauti ya AAC, ikikaa pamoja na H.264 ndani ya MP4, haina aibu hiyo.

Mtego wa tatu haumo katika faili bali katika gunia lenyewe. Flashi nyingi hupangwa kwa utaratibu wa kale uitwao FAT32, ambao hauwezi kulipokea faili moja lifikalo gigabaiti 4, hata kama nafasi iliyobaki ni mara kumi ya hiyo. Wapiga video wa harusi waujua vyema mtego huu: video yenye baiti milioni moja kwa sekunde hufika gigabaiti 3.6 kwa saa moja, na shughuli izidipo saa moja na robo hugonga ukuta, kompyuta ikasema faili ni kubwa mno ilhali nafasi ipo. Utaratibu mpya zaidi, exFAT, hauna kikomo hicho na husomwa na Windows na Mac kwa pamoja. Lakini runinga za zamani haziujui. Utaratibu wa NTFS, upendwao na Windows, husomwa na Mac lakini Mac haiwezi kuandika juu yake. Kwa safari ya kwenda kwa mtu ambaye chombo chake hukijui, FAT32 bado ndiyo salama, na faili refu na likatwe vipande.

Mtego wa nne ni WhatsApp, ambayo wengi huifanya posta ya kila kitu. Video ipitayo hapo kwa njia ya kawaida hubanwa tena, bila huruma, ili ipite kwa wepesi. Mwenye kutaka ifike kama ilivyo huituma kwa mlango wa nyaraka, ambao tangu mwaka 2022 hupokea faili la hadi gigabaiti 2. Naye akumbuke kwamba iliyotumwa hivyo haikufasiriwa, kwa hiyo kama ilikuwa HEVC itafika ikiwa HEVC.

Insafu yanilazimu niseme neno moja kwa upande wa fomati mpya. Bando ni ghali kwa mtu wa kipato kidogo, na faili lililopungua nusu ni bando lililopungua nusu. Wawili wanaojuana, wenye simu mpya kila upande, wana kila sababu ya kupelekeana HEVC. Hali kadhalika mtu ahifadhiye kumbukumbu zake mwenyewe. Lakini gharama ya kutuma yaweza kuhesabiwa kabla, ilhali gharama ya kutofunguka hulipwa na mtu mwingine, aghalabu yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote katika mlolongo mzima, naye hulipa kwa nauli, kwa siku nzima ya kazi, na kwa fedheha ya kudhani kwamba kosa ni lake.

Kwa hiyo shauri langu kwa mwenye kutuma video asikokujua ni hili: kasha liwe MP4, picha ziwe H.264, sauti iwe AAC. Ukali usizidi 1080, na 720 ukitosha si dhambi. Faili lisifike gigabaiti 4. Jina lake liwe la herufi za kawaida, fupi. Mwenye deki tupu ya zamani, isiyojua hata H.264, achomewe DVD. Na faili la asili, lile lililotoka katika kamera kabla ya jineri yoyote, lisifutwe wala lisibadilishwe. Liwekwe mahali pawili, ili siku lugha zitakapobadilika, nazo zitabadilika, tafsiri mpya itokane na asili yenyewe, isitokane na tafsiri ya tafsiri.

Hakimu wa kibandani

Mama alijibu kwamba runinga yake ina tundu la flashi. Kijana akavinakili vipande vyote saba katika kompyuta yake kwanza, akaviweka kando katika folda, akaniambia bila kugeuka, "Original sifuti. Watu hurudi." Kisha akafungua programu ya kufasiri video iitwayo HandBrake, akachagua aliyoyachagua bila kusoma, kama mtu afungaye vifungo vya shati gizani, na kompyuta ikaanza kuguruma. Ilikuwa mashine ya umri mkubwa, na kazi ya HEVC ni nzito kwake. Mama akaenda sokoni, akarudi na mfuko wa dagaa, akaketi, na bado asilimia zilikuwa zikihesabika polepole.

Zilipofika mia moja, nilidhani kazi imekwisha. Kijana aliichomoa flashi, akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu, akateremsha runinga ndogo bapa yenye ufa katika fremu na alama ya kidole cha mtu iliyokaukia kiooni, ya aina ambayo hakuna mteja angeinunua. Nilimwuliza ni ya nini, nayo kompyuta ilikwisha kuonyesha kwamba video ni nzima.

"Kompyuta inacheza kila kitu, mzee," alisema. "Haifai kuulizwa. Hii ndiyo mbovu kuliko zote ninazozijua. Ikikubali hapa, itakubali kokote."

Akaitia flashi. Runinga ilifikiri kwa muda, ikaonyesha majina saba, na alipolibonyeza la kwanza likatoka geti lenye mapambo ya vitambaa, na gari, na vigelegele vilivyopasua spika yake ndogo. Picha haikuwa na ukali wa ile iliyotoka katika simu ya Geita. Mtu mwenye jicho la ufundi angeziona kingo zilizolegea. Mama alisogeza kiti mbele mpaka magoti yake yakagusa meza. Mlango wa gari ukafunguka.

"Huyo," alisema.

Kijana akangoja. Wateja wawili waliosimama mlangoni na simu zao mikononi wakangoja pia. Kipande cha kwanza kilipokwisha, mama aliitoa noti yake, akapokea chenji, akaiweka flashi juu ya sarafu, akalikunja pindo la khanga mara mbili na kulifunga kwa fundo la kubana, kisha akalishika lile fundo mkononi hata alipokuwa amekwisha kutoka nje na kuifuata njia ya stendi.